Kupoza, Kupooza na Maji Baridi: Uhakiki wa Istilahi za Injini za Vyombo vya Majini

Shairi likifasiriwa vibaya, msomaji hukosa ladha yake. Maelekezo ya injini yakifasiriwa vibaya, injini hufa, na pengine mtu huungua. Kwa sababu hiyo tumeona yafaa kuhakiki istilahi chache zinazotumika katika maelezo ya utunzaji wa injini za meli na mashua, hasa upande wa maji yanayoondoa joto. Tumechagua zile ambazo kosa lake lina madhara.

Ya kwanza ni kitenzi chenyewe. Wafasiri wengi huandika "mfumo wa kupooza injini". Lakini kupooza ni kupotewa na nguvu za viungo. Mgonjwa hupooza mkono au mguu. Kitenzi kinachotakiwa ni "kupoza", na kanuni yake ni nyepesi: oa huzaa oza, toa huzaa toza, na poa huzaa poza. Kosa hili limeenea hata nje ya mambo ya injini. Magazeti yetu huandika "kituo cha kupooza umeme", na msomaji asiyezoea angedhani kwamba umeme utokao Kidatu hufikishwa hapo ili ulemae. Katika umeme kosa hili huchekesha tu. Katika injini, sentensi "maji yakikosekana injini itapooza" yaweza kusomwa kwa maana mbili zinazopingana: kwamba itapoa, au kwamba itashindwa kazi.

Ya pili ni "maji baridi", na hii ni ya hatari zaidi. Injini nyingi za vyombo vya majini hutumia maji ya namna mbili. Yako yale yanayozunguka ndani ya injini yenyewe, yakifungiwa humo ili yarudi tena na tena. Na yako yale yanayovutwa na pampu kutoka nje ya chombo, yakapita kando ya yale ya kwanza pasipo kuchanganyika nayo, yakachukua joto lao na kurudishwa majini. Sababu yake inaeleweka. Kila lita ya maji ya bahari ina chumvi inayokaribia gramu 35. Ikipitishwa moja kwa moja ndani ya injini yenye moto, chumvi huganda katika njia za maji na chuma huliwa na kutu.

Maji yale ya ndani, yasiyo na chumvi, ndiyo wafasiri huyaita "maji baridi", kama vitabu vya shule visemavyo "samaki wa maji baridi". Tuchukue basi sentensi ya mfano: "Injini ikipata moto kupita kiasi, ongeza maji baridi." Mwandishi amekusudia maji yasiyo na chumvi. Fundi atafahamu maji yenye ubaridi, naye atayamimina papo hapo. Chuma chenye moto mkali kikikutana na maji ya namna hiyo hunywea ghafula, na kichwa cha silinda hupasuka. Tena anayefungua kifuniko kabla joto halijashuka hurukiwa na mvuke usoni. Wako watakaosema kwamba "maji baridi" na "maji ya baridi" ni mambo mawili tofauti. Huenda ni kweli kwa mwanafunzi wa sarufi, lakini silabi moja ya "ya" haiwezi kubebeshwa usalama wa mtu.

Je, tuseme "maji matamu" na "maji ya bahari"? Katika Bahari ya Hindi ingefaa. Lakini meli ya Liemba, iliyoshushwa majini Kigoma mwaka 1915 ikiwa ya mvuke na kutiwa injini za dizeli katika miaka ya 1970, ilielea juu ya Ziwa Tanganyika, ambalo maji yake hayana chumvi ya bahari. Huko maji ya ndani ni matamu na ya nje ni matamu vilevile. Kwa hiyo twapendekeza "maji ya ndani" na "maji ya nje", majina yanayofuata kazi ya maji badala ya ladha yake. Na chombo ambamo yale ya nje hupoza yale ya ndani kiitwe "kipozamaji".

Msomaji aweza kuuliza: haya yanamhusu nini mkazi wa Masanze, kata ya wilaya ya Kilosa iliyo mbali na pwani? Vipande vya Liemba vilipita wilayani humo kwa reli ya kati, vikielekea Kigoma. Lakini hiyo siyo sababu kubwa. Sababu kubwa ni kwamba injini ya dizeli inayosaga mahindi kijijini ni ndugu wa ile ya mashua. Nayo huhitaji maji, hushika kutu, hupasuka ikimiminiwa maji yasiyofaa. Fundi wake hana bahari ya kumfafanulia maneno. Anayo karatasi tu. Istilahi ikimwelekeza sawasawa fundi wa Masanze, itamwelekeza na nahodha wa Kigoma na wa Mafia.

Kwa kipimo hichohicho twawasihi wafasiri wasiyafukuze maneno ambayo gereji imekwisha kuyakubali. "Rejeta", "gasketi" na "pampu ya maji" hayamdanganyi mtu. Juhudi yetu ielekezwe kwa maneno yenye sura ya Kiswahili safi ambayo humpoteza anayeyatii. Walimu wa ufundi wanaweza kuanza leo: wampe mwanafunzi sentensi moja ya maelekezo, kisha watazame mkono wake unakwenda wapi.