Posa bila Esigani: Lugha na Kicheko katika "Coming to America"

Filamu ya Coming to America, iliyoongozwa na John Landis na kutolewa mwaka 1988, huhesabiwa miongoni mwa futuhi mashuhuri ambazo mhusika wake mkuu ni mtu mweusi. Aghalabu hupimwa kwa mizani ya Marekani: kwamba Eddie Murphy alimtoa mwigizaji mweusi katika nafasi ya mtumishi wa kuchekwa, akamketisha katika kiti cha mwana wa mfalme. Hoja hiyo ni ya kweli, lakini haitoshi. Kazi inayodai kusimulia ndoa ya Kiafrika yastahili kupimwa pia kwa mizani ya Kiafrika. Desturi ya Abagusii wa Kisii na Nyamira yafaa sana kwa upimaji huo.

Akeem, mwana wa Mfalme Jaffe Joffer wa Zamunda, anatimiza miaka 21 na kuletewa mchumba aliyelelewa ili amtii. Akimwuliza apendacho, binti hujibu kwamba hupenda chochote akipendacho yeye; akimwamuru abweke kama mbwa, hubweka. Akeem anaondoka na mwenzake Semmi kwenda Queens, New York, kutafuta mke mwenye akili yake mwenyewe.

Hapa ndipo mtazamaji wa Gusii hana budi kuuliza swali. Katika desturi yake, posa haikuwa amri ya baba peke yake. Baina ya nyumba mbili alisimama esigani, yaani mshenga, aliyechunguza tabia na sifa za kila upande kabla ya ng'ombe wa mahari kutolewa. Esigani ni mtu wa maneno: kazi yake ni kuuliza na kujibiwa. Zamunda ina tembo, wachezaji ngoma na wasichana wa kumwaga maua njiani, lakini haina mshenga. Tena haina lugha. Wenyeji wake husema Kiingereza chenye lafudhi ya kubuni, na "Mbube", wimbo unaosikika mwanzoni, umeazimwa kwa Wazulu. Kasoro hizi mbili ni moja, kwani nchi isiyo na lugha haiwezi kuwa na mjumbe.

Yumkini itajibiwa kwamba futuhi huishi kwa kutia chumvi, na kwamba Zamunda ni dhihaka ya Afrika iliyozoeleka katika sinema za Hollywood. Jibu hilo lina uzito. Hata hivyo, chumvi hutiwa katika chakula kilichopo. Katika kinyozi cha Queens, ambamo Murphy na Arsenio Hall huigiza wahusika kadhaa, wazee hubishana juu ya mabondia, na kicheko hutoka katika usemi wao hasa. Zamunda haina usemi wa kutiwa chumvi. Kicheko chake hutoka katika kuinama na kutii.

Jambo la ajabu ni kwamba hadithi yenyewe haiwezi kumalizika pasipo esigani. Mfalme anapofika Queens, anajaribu kuyamaliza mambo kwa kumpa fedha Cleo McDowell, baba yake Lisa, naye anakataa. Tofauti yake na mahari ni bayana: mahari hufungua uhusiano, ilhali fedha za mfalme zilikusudiwa kuufunga. Baadaye Malkia Aoleon ndiye anayemkabili mumewe na kumkumbusha kwamba mfalme anaweza kubadili desturi. Siku ya arusi shela inapofunuliwa, bibi arusi ni Lisa. Malkia ametenda kazi ya mshenga, ingawa filamu haimtambui kwa cheo hicho.

Funzo hili lawahusu pia watunzi wa futuhi za Kiswahili na za Ekegusii. Mhusika anayechekesha kwa lafudhi ya kwao tu, asiye na neno la kuuliza wala la kujibu, ni Zamunda ndogo iliyojengwa nyumbani, na hapo hakuna mgeni wa kulaumiwa. Murphy alimpa mwigizaji mweusi kiti cha enzi. Kumpa Mwafrika wa futuhi lugha yake, pamoja na haki ya kuhoji kwa lugha hiyo, ni kazi iliyoachwa kwa wenye lugha wenyewe.