Skana na Pikapu Kuukuu: Alama za Upimaji Mzuri

Upimaji wa pikapu kuukuu ya dizeli huanzia chini ya boneti, si kwenye soketi ya skana. Kanuni hii imesahauliwa kiasi kwamba siku hizi fundi husifiwa kwa ukubwa wa kioo cha skana yake, na karatasi iliyochapwa "hakuna hitilafu" hupokewa kama cheti cha daktari. Sifa hizo hazina msingi. Upimaji mzuri una alama zake, nazo hukaguliwa kwa mpangilio.

Alama ya kwanza ni kuijua injini. 1HZ ya Land Cruiser, 5L ya Hilux, 4JA1 ya Isuzu na TD27 ya Nissan zina pampu ya kimakanika. Hakuna kompyuta inayoamua dizeli iingie kiasi gani, basi hakuna wa kuulizwa. Herufi moja tu, E ya 5L-E, hubadilisha habari yote. Katika 1KZ-TE pampu ni ya mzunguko lakini inatawaliwa kwa umeme. Katika 1KD na 2KD za Hilux Vigo kuna komon reli. Tapeli hapendi somo hili. Akiletewa Land Cruiser ya 1HZ ya matoleo ya karibuni, yenye soketi iliyowekwa kwa ajili ya ABS, huchomeka, hupata jibu kutoka kwenye breki, kisha humtoza mwenye gari kwa "kupima injini". Injini yenyewe haikuulizwa wala haikujibu.

Alama ya pili ndiyo inayompita asiye fundi kila mara: taa ya skana. Skana ikichomekwa na kuwaka, mwenye gari hushusha pumzi: imekubali. Haijakubali chochote. Umeme wa kuiwasha unatoka pini ya 16 na kurudi ethi kwa pini ya 4. Hayo ni mambo ya betri na fyuzi. Balbu ya taa ya ndani ingewaka vilevile pale. Mazungumzo ya skana na kompyuta za gari yanapita njia nyingine: pini ya 7 kwa njia iitwayo K-line, pini za 6 na 14 kwa ile iitwayo CAN.

Kwa sababu hiyo bingwa hupiga goti, huwasha tochi na kuchungulia ndani ya soketi kabla ya kuigusa skana. Soketi ina nafasi 16, ila si zote zenye shaba. Shaba ikiwa kwenye 7 na hakuna kwenye 6 wala 14, gari linazungumza K-line, na skana inayojua CAN peke yake itawaka mpaka jioni bila kuambulia neno. Tochi humwonyesha pia dhambi za waliotangulia: pini zilizopanuliwa midomo na ncha nene za mita, hata zikashindwa kuishika skana, kutu ya kijani kwenye ethi, waya wa redio au alamu uliounganishwa pasipostahili. Kwa kuwa K-line huweza kutumiwa kwa pamoja na kompyuta ya injini, ABS na mifuko ya hewa, kifaa kimoja kilichoungua kinaweza kuivuta chini na kuvinyamazisha vyote. Fundi mwenye subira huchomoa kifaa kimoja kimoja mpaka sauti irudi. Asiye na subira huagiza kompyuta nyingine. Kwenye CAN, mita husoma takriban omu 60 kati ya 6 na 14 betri ikiwa imetolewa. Ikisoma 120, kuna upande umekatika. Kipimo hicho huchukua dakika chache, na mafundi wengi wenye skana za bei kubwa hawajawahi kukifanya.

Alama ya tatu ni kujua lugha. Umbo la soketi lilisambaa kuliko sheria iliyolizaa. Marekani ilidai mfumo wa upimaji wa OBD-II kwa magari ya modeli ya 1996, na Ulaya ikafuata baadaye, petroli kwanza na dizeli nyuma yake. Pikapu iliyoundwa kwa soko lisilo na sheria hiyo ilipewa soketi ileile bila wajibu wa kuzungumza lugha ileile. Skana ya kawaida kwenye K-line huita anwani 33 kwa kasi ya biti 5 kwa sekunde, wito ambao peke yake huchukua sekunde 2, kisha huendelea kwa biti 10,400. Toyota nyingi za soko la Japani, na baadhi ya injini zake za D-4D za mwanzo, huitikia anwani 13 kwa kasi ya 9,600. Skana inabisha hodi nyumba ya 33, mwenyeji anakaa ya 13, na gari linatangaziwa kwamba kompyuta yake imekufa. Adapta haiponyi ugonjwa huu. Ile ya kutoka soketi ya Nissan yenye pini 14 hubadilisha umbo la mdomo tu. Lugha hubaki ilivyokuwa.

Alama ya nne ni chombo chenyewe. Chipu ya skana iitwayo ELM327 ilitengenezwa na Elm Electronics ya Kanada, toleo la kwanza likatoka bila kinga ya kunakiliwa, na nakala zikajaa sokoni. Nyingi zimeandikwa v1.5, toleo ambalo Elm yenyewe haikulitoa kamwe. Skana ya waya mara nyingi hutegemeka kuliko ya Bluetooth. Bora zaidi, kwenye Toyota za zamani, ni kipande cha waya: pini ya 4 na ya 13 zikiunganishwa swichi ikiwa imewashwa, taa ya injini hupepesa misimbo yenyewe. Mipepeso miwili, kituo, miwili tena: 22, sensa ya joto la maji. Mipepeso ya mfululizo usiokatika ni salama. Waya huo usiguse kamwe pini ya 16. Mabingwa wa kale walihesabu mipepeso hiyo kwa vidole, kimya, na hawakuhitaji kuchapa kitu.

Alama ya tano ni kinachofanyika baada ya msimbo. Msimbo P0087 husema shinikizo la reli liko chini. Haisemi kwa nini. Asiyejua hubadilisha pampu. Anayejua hutazama chujio, hutafuta hewa kwenye mabomba, hukagua SCV, yaani vali inayodhibiti dizeli inayoingia kwenye pampu, kisha hufunga chupa nne zinazolingana kwenye marejesho ya nozeli na kuona ipi inajaa mapema. Kufuta misimbo na kumkabidhi mwenye gari funguo si ukarabati. Taa hurudi baada ya safari chache, na aliyelipwa hapatikani.

Kabla ya misimbo yote hii, enzi za Peugeot 504, fundi aliweka mpini wa bisibisi sikioni na ncha kwenye injini, akalegeza nati za nozeli moja baada ya nyingine, na silinda iliyokufa ikajitaja: ile ambayo nati yake ikilegezwa mlio haubadiliki. Sikio hilo limepungua. Mbinu ya nati ibaki kwa pampu za kimakanika tu, kwani shinikizo la komon reli hupita bar 1,000 na dizeli yake hupenya ngozi. Ila masikilizo yenyewe hayajazeeka.

Alama ya mwisho ni ripoti. Ripoti nzuri hutaja injini, pini zilizokutwa na shaba, lugha iliyotumika, misimbo kama ilivyosomwa kabla ya kufutwa, na vipimo vya mita. Pale mazungumzo yaliposhindikana, huandikwa "skana haikuwasiliana". Hayo si sawa na "hakuna hitilafu", na fundi anayeandika la pili akimaanisha la kwanza hapaswi kulipwa, hata karatasi yake iwe ya rangi.