Kinywa cha Shahidi na Kalamu ya Karani: Uhakiki wa Kumbukumbu za Haki za Binadamu za Fizi na Baraka

Wanafunzi wa fasihi simulizi wamezoea kuuliza nani anasimulia, anamsimulia nani, na kwa lugha gani. Ni ajabu kidogo kwamba maswali hayo hayajaulizwa kwa dhati kuhusu aina moja ya masimulizi ya Kiswahili ambayo tangu 1996 yamekusanywa kwa wingi mashariki mwa Kongo, yaani ushahidi wa watu walioona wenzao wakiuawa, wakibakwa au wakichomewa nyumba. Masimulizi hayo hukusanywa na watafiti wa haki za binadamu, huandikwa na makarani, hutunzwa katika majalada, kisha hunukuliwa katika ripoti. Makala haya yanaitazama hazina hiyo kwa upande wa teritwari ya Fizi na mji wa Baraka, katika Kivu ya Kusini, kando ya Ziwa Tanganyika. Hoja inayotetewa ni kwamba kumbukumbu hizi zimehifadhi matukio na kupoteza usemi, na kwamba usemi unapopotea, sehemu ya tukio lenyewe huenda nao.

Matini ya kuanzia ni ile ripoti ya Ofisi ya Kamishna Mkuu wa Haki za Binadamu wa Umoja wa Mataifa iliyotolewa tarehe 1 Oktoba 2010, ambayo Wakongo wengi huiita Mapping tu. Inahusu kipindi cha Machi 1993 hadi Juni 2003, na imeorodhesha matukio 617. Timu yake ilikusanya nyaraka zaidi ya 1,500 na kuonana na mashahidi zaidi ya 1,280. Kwa kipimo chochote, hiyo ni kazi kubwa ya kukusanya na kutunza nyaraka, na wale wanaoibeza kwa sababu za kisiasa hawajaonyesha kazi nyingine ya kuilinganisha nayo. Lakini hapa inasomwa kama matini, na matini hiyo ina fani yake. Kila tukio limepewa aya moja, mara nyingi fupi: tarehe, kikosi kilichotenda, kitendo, idadi ya waliokufa, jina la kijiji. Chini ya ukurasa kuna tanbihi zinazotaja mahojiano yaliyofanywa na timu, jimbo, mwezi na mwaka. Tukio lisilothibitishwa na vyanzo viwili visivyotegemeana halikuingizwa.

Fani hiyo ina nguvu yake. Aya inayohusu Makobola II na vijiji vya jirani vya Bangwe, Katuta, Mikunga na Kashekezi inasema kwamba kati ya tarehe 30 Desemba 1998 na 2 Januari 1999 waliuawa watu zaidi ya 800. Hakuna kivumishi kilichoongezwa wala kilio, na msomaji hushtuka kwa sababu ya ukavu huo. Hata hivyo ukavu umenunuliwa kwa bei. Watu waliosimulia habari hiyo hawakusimulia kwa aya moja, na kwa sehemu kubwa hawakusimulia kwa Kifaransa, lugha ambayo ripoti iliandikwa kwanza, wala kwa Kiingereza, lugha ambayo ilitafsiriwa. Kando ya ziwa husemwa Kiswahili. Milimani kuelekea Itombwe wazee husema Kibembe au Kinyamulenge, na maneno yao hupita kwanza katika Kiswahili cha mkalimani ndipo yafike kwenye Kifaransa cha mwandishi. Katika tanbihi hakuna hatua hata moja ya safari hiyo inayoonekana. Msomaji anaambiwa mahojiano yalifanyika wapi na lini. Haambiwi yalifanyika kwa lugha gani.

Huenda ikasemwa kwamba jambo hilo ni dogo. Neno moja tu linatosha kuonyesha kwamba si dogo. Wakongo huuita Mwaka Mpya Bonane, neno lililotoholewa kutoka Kifaransa na kuzoeleka kabisa katika Kiswahili cha huko. Mauaji ya Makobola yalifanyika wakati wa Bonane. Ubakaji wa halaiki katika mji wa Fizi, ambao wanajeshi wa serikali walihukumiwa kwa ajili yake, nao ulifanyika usiku wa Bonane, tarehe 1 Januari 2011. Kati ya Bonane hizi mbili ipo miaka kumi na miwili, na watendaji si wale wale: Makobola ilishambuliwa na waasi wa RCD pamoja na majeshi ya nchi jirani, ilhali Fizi ilishambuliwa na jeshi la taifa. Mama wa Fizi anayeanza maelezo yake kwa kusema kwamba mambo yalianza siku ya Bonane hajakosea wala hajasahau. Kwake yeye na kwa jirani zake siku hiyo inajulikana. Karani akiandika kwa Kifaransa kwamba tukio lilitokea tarehe 1 Januari, bila mwaka na bila neno lenyewe, ameacha mlango wazi. Baada ya miaka ishirini mtunza nyaraka atakuwa na karatasi isiyojua iwekwe katika jalada lipi. Na akiwa na haraka, ataiweka pale penye nafasi.

Mfano wa pili ni mzito zaidi. Katika Kiswahili cha Kongo, bibi ni mke. Katika Kiswahili cha Tanzania siku hizi, bibi ni mama wa baba au wa mama. Tangu Novemba 1996, wakati vita vilipowavusha ziwa watu wa Fizi na Uvira kwa maelfu na kambi ya Nyarugusu ikaanzishwa katika mkoa wa Kigoma, habari nyingi za Fizi zimesimuliwa katika ardhi ya Tanzania, mara nyingi mbele ya msikilizaji aliyesoma Kiswahili sanifu shuleni. Mwanamume akisema kwamba waliua bibi yake, msikilizaji wa namna hiyo aweza kuandika kwamba aliyeuawa ni nyanya yake. Mke amefutwa na kikongwe amezaliwa, wala hakuna aliyesema uongo. Kitenzi kukamata nacho kina hatari yake. Katika Kivu, mwanamke akisema kwamba walimkamata kwa nguvu, aghalabu anataja kubakwa kwa maneno yanayomruhusu kubaki na heshima yake mbele ya watu. Mfasiri akishika kitenzi na kuacha kielezi, jalada litasema kwamba alitiwa nguvuni. Neno ubakaji, ambalo redio na mahakama hulitumia bila kusita, si lazima liwe neno la kwanza kinywani mwa aliyetendewa, na kulidai kutoka kwake ni kumlazimisha aseme Kiswahili cha watu wengine kuhusu mwili wake.

Wasomi wa Kiswahili hawana udhuru wa kutojua njia iliyo bora. Mwaka 1965 André Yav alitunga, kwa Kiswahili cha Katanga, historia ya mji wa Elisabethville kama walivyoiona watumishi wa nyumbani. Johannes Fabian alipoichapisha mwaka 1990 hakuisanifisha. Aliiacha katika maandishi yake ya asili, yenye maneno yaliyogawanywa na kuunganishwa kwa namna ya kumsumbua msomaji, kisha akamwomba Kalundi Mango aisome kwa sauti, kwa kuwa mengi yaliyokuwa fumbo machoni yalifumbuka masikioni. Walter Schicho akaongeza maelezo ya kiisimu, na tafsiri ya Kiingereza ikawekwa ili isaidie matini ya asili, si kuchukua nafasi yake. Baadaye mkusanyo wa matini za Kiswahili cha watu wa kawaida ulifunguliwa Amsterdam kwa utaratibu uo huo. Watunza nyaraka wana kanuni mbili za zamani zinazokubaliana na mwenendo huu: kuheshimu asili ya waraka, na kuacha mpangilio wake wa awali. Waraka wa mahojiano una asili yake katika sauti. Kuuhifadhi kwa Kifaransa pekee ni kuhifadhi ganda na kuitupa kokwa.

Hata hivyo hoja hii haiwezi kuachwa hapo, kwani inakutana na pingamizi ambalo Fabian hakulazimika kupambana nalo kwa kiwango hiki. Watumishi wa Elisabethville hawakuwa wakimtaja jirani mwenye bunduki. Shahidi wa Baraka humtaja. Tarehe 31 Julai 2005 Pascal Kabungulu, katibu mkuu wa shirika la haki za binadamu la Héritiers de la Justice, aliuawa nyumbani kwake Bukavu. Mji huo huo uliingia mikononi mwa M23 mwezi wa Februari 2025, na kila ofisi iliyokuwa na kabati la ushahidi ililazimika kujiuliza kabati hilo limebeba majina ya nani. Katika mji kama Baraka sauti ya mtu ni sawa na sura yake. Matamshi huonyesha kama msemaji ni Mbembe, Mfuliiru au Munyamulenge. Methali aliyoichagua yaweza kutaja ukoo wake. Na ripoti ya 2010 imeorodhesha maovu ya pande zote, yakiwemo mauaji ya Wabanyamulenge huko Lueba na Baraka mwezi wa Septemba 1996, miaka miwili kabla ya Makobola. Mtoto wa aliyeuawa mwaka huo na mtoto wa aliyeuawa Makobola wanaweza kuwa wanakwenda soko moja. Kile kinachompendeza mwanaisimu, yaani lahaja iliyonakiliwa bila kusafishwa, ndicho kinachoweza kumwua shahidi.

Kwa hiyo Kifaransa kikavu cha ripoti hakikutokana na uzembe tu. Ni pazia pia. Yeyote anayedai kumbukumbu za Kiswahili bila kukiri jambo hili anadai kwa niaba ya taaluma, si kwa niaba ya watu wa Fizi. Lakini pazia lina mahali pake, nalo ni mlangoni mwa chumba cha nyaraka. Kulining'iniza ndani ya waraka wenyewe ni kosa. Nakala ya asili inaweza kufungiwa kwa miaka thelathini au hamsini, majina yakawekwa katika daftari mbali na kanda, na msomaji wa leo akapewa muhtasari. Isiyoandikwa kabisa haiwezi kufunguliwa hata baada ya miaka mia. Umoja wa Mataifa wenyewe ulikubali kanuni hiyo ulipoweka majina ya washukiwa katika hifadhi ya siri mikononi mwa Kamishna Mkuu, hifadhi ambayo Daktari Denis Mukwege, mshindi wa Tuzo ya Amani ya Nobel ya 2018, na Wakongo wengine wamekuwa wakitaka matokeo yake yatumike mahakamani. Jina la mtuhumiwa limeonekana kustahili kutunzwa. Ni vigumu kuelewa kwa nini usemi wa shahidi usistahili.

Mahakama nazo zinatoa somo. Mwezi wa Februari 2011 mahakama ya kijeshi ilisafiri hadi Baraka kusikiliza kesi ya Luteni Kanali Kibibi Mutware na askari wake kuhusu usiku ule wa Fizi. Wanawake 49 walitoa ushahidi. Tarehe 21 Februari alihukumiwa kifungo cha miaka ishirini kwa uhalifu dhidi ya binadamu, na wengi wameandika kuhusu uzito wa hukumu hiyo. Katiba ya Kongo ya 2006 inakitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa, lakini lugha rasmi ni Kifaransa, na jalada la mahakama hufuata lugha rasmi. Wanawake 49 walisema. Kilichobaki katika jalada ni jinsi karani alivyowasikia. Wakili wa baadaye akitaka kuipinga hukumu, au kuitetea, atabishania maneno ya karani.

Tena nyaraka za Fizi zina desturi ya kukaa mbali na Fizi. Che Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma mwezi wa Aprili 1965, akaitwa Tatu kwa sababu katika orodha ya majina ya bandia alikuwa nyuma ya Moja na Mbili, akaondoka Novemba mwaka huo huo. Maandishi yake kuhusu miezi hiyo yalilala Havana hadi mwisho wa miaka ya tisini. Kwa bahati njema Mkongo mmoja, Wilungula B. Cosma, alikwisha kuchapa mwaka 1997 utafiti wake juu ya maisha ya msituni ya Laurent-Désiré Kabila na chama chake huko Fizi kati ya 1967 na 1986, kitabu ambacho kinastahili wasomaji wengi zaidi ya waliokwisha kukipata. Nacho kimeandikwa kwa Kifaransa, kikachapwa Ulaya.

Lipo pia suala la hesabu. Habari za kwanza za Makobola, zilizoenezwa Januari 1999 na shirika la habari la wamisionari la MISNA kutoka Roma, zilitaja wafu kama 500. Ripoti ya 2010 inasema zaidi ya 800. MISNA limekwisha kufungwa. Mtunza nyaraka mweledi hafuti 500 ili aandike 800. Huacha zote mbili, kila moja na tarehe yake na chanzo chake, kwa sababu tofauti baina yao ni ushahidi wa jinsi habari ilivyopatikana wakati barabara ya Uvira haipitiki kwa mtafiti. Kanuni hiyo hiyo yafaa itumike kwa maneno. Pasipo hakika kama bibi ni mke au nyanya, neno libaki bibi, na maelezo yaandikwe pembeni.

Idara za Kiswahili za vyuo vikuu vya Dar es Salaam, Nairobi, Bukavu na Lubumbashi zina watu wanaoweza kuandika maelezo hayo ya pembeni. Kazi yenyewe haina fahari. Ni kadi moja kwa kila kanda. Kadi ya shahidi wa Makobola ingeweza kusomeka hivi: Bonane ya 1999, si ya 2011, msemaji mwanamume, Kiswahili cha kando ya ziwa, mkalimani hakuhitajika, bibi ni mke, jina liko katika daftari la pili, sauti isifunguliwe bila idhini yake au ya watoto wake.