Mkono wa Kijumwa

Ukitaka kuona mkono wa Muhamadi Kijumwa, funga safari. Kurasa zake nyingi ziko London, katika maktaba ya SOAS, na nyingine ziko Ujerumani. Huku Mkomani, kaskazini ya mji wa Lamu, ambako nyumba za matumbawe zimebanana hata jua la adhuhuri huingia vichochoroni kwa taabu, zidaka zilizokuwa zikiwekwa misahafu na vyuo, yaani vitabu vya mkono, zingalipo ukutani. Katika nyumba zilizonunuliwa na wageni, zidaka hizo hupambwa kwa mishumaa na makombe ya baharini. Zinapendeza, hakuna ubishi. Ila hazina tena cha kusoma.

Kijumwa, ambaye jina lake ni Muhamadi bin Abubakari bin Omari, alizaliwa Lamu mnamo 1855 akafariki 1945. Alikuwa mtu wa fani nyingi: mtungaji, mchongaji wa milango, mpigaji ala. Alizusha maneno pia mjini kwa ukaribu wake na wamisionari wa Kijerumani. Lakini kilichomfikisha mbali ni kalamu. Alice Werner alipofika Lamu kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, William Hichens alipokuwa akikusanya tendi miaka ya 1930, Ernst Dammann alipokaa Lamu mwaka 1936 hadi 1937, wasomi hao wa Ulaya wote walimtegemea yeye. Utenzi wa Fumo Liyongo wa mwaka 1913, ambao wanafunzi wetu wameusoma kwa miongo, umetoka mkononi mwake. Alinakili kwa ujira, na hakuna aibu katika hilo. Fundi hula kwa ufundi wake.

Utazame ukurasa mmoja tu wa kazi ya namna hii. Ubeti umelazwa mstari mmoja, vipande vinne, kila kipande kimetengwa na mwenzake kwa alama ndogo, na kina cha bahari kinateremka ukingo wa kushoto, ubeti kwa ubeti, kama uzi wa mkeka. Jicho laweza kukifuata kutoka juu hadi chini. Pale kinapokatika, msomaji anajua kwamba mnakili alisinzia. Herufi za Kiarabu zilifika pwani bila p, bila ch, bila g, bila v. Waandishi wengi wa kale waliandika b wakamwachia msomaji aamue mwenyewe kama anayezungumziwa ni baba au papa. Fundi hodari hakupenda kumtwisha msomaji mzigo huo. Alitia irabu juu na chini ya herufi, akaongeza nukta pale zilipohitajika, akarudi kusoma alichokiandika, kwa sauti.

Kwa sauti, naam, kwa sababu utenzi hauandikwi kwa macho pekee. Mizani nane kwa kipande, thelathini na mbili kwa ubeti. Ikipungua moja, mwimbaji hukwama, na wasikilizaji wa Lamu hawakuwa watu wa kunyamazia kosa. Watungaji nao waliweka mitego yao. Katika tendi nyingi, beti za mwisho hutaja jina la aliyetunga, mwaka wa Hijria, na idadi ya beti zote. Mwana Kupona, aliyemtungia bintiye wasia mwaka 1275 wa Hijria, yaani kama 1858, aliacha humo humo ndani ya utendi mwaka na hesabu ya beti. Mnakili akiruka ubeti mmoja, hesabu itamuumbua. Wahandisi wa programu wana hila hiyo hiyo leo: faili husafiri pamoja na tarakimu za kuthibitisha kwamba halikupungua wala kuchezewa njiani. Bi mkubwa yule alitangulia, tena kwa vina.

Kuigusa kazi ya mwingine nako kulikuwa na adabu yake. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, mtungaji wa Al-Inkishafi, alipochukua beti zinazonasibishwa na Fumo Liyongo hakuzivuruga ndani ya zake. Alitangulizia mishororo mitatu juu ya ile miwili ya asili, ikawa mitano, na kila ajuaye takhmisa anajua ni wapi Sayyid ananyamaza na Liyongo anaanza kusema. Kazi imekua, mwenyewe wa kwanza hakufutwa, wa pili hakujificha. Sijui ni mtindo gani mwingine wa sanaa unaoweka mpaka wazi kiasi hicho bila ukuta.

Ughaibuni jambo hili lilihitaji wanasheria. Mwaka 1989 Mmarekani Richard Stallman alitoa leseni ya GPL kwa ajili ya programu huria. Masharti yake, ukiyachuja, ni haya: nakili, badilisha, gawa utakavyo, lakini usifute taarifa ya mwenye kazi, na ukibadilisha faili uandike kwamba umelibadilisha, na lini. London yuko mwandishi wa habari za teknolojia, Glyn Moody, ambaye sehemu kubwa ya kalamu yake imefuata habari hizo. Kitabu chake Rebel Code cha 2001 kilisimulia Linux na watu walioijenga. Kingine, Walled Culture cha 2022, kinalalamikia hakimiliki iliyogeuzwa boma la kufungia utamaduni, naye akakitoa bure mtandaoni. Na Afrika Mashariki haikukaa pembeni: Ushahidi, programu iliyozaliwa katika ghasia za Kenya mwanzoni mwa 2008, msimbo wake uliwekwa wazi ukatumika nchi nyingi. Kurasa zote hizo za leseni zinadai kile ambacho mnakili wa Lamu alikiweka katika mistari miwili mitatu mwishoni mwa chuo: nimeandika mimi fulani, tarehe fulani, utakayeona kosa lirekebishe na uniombee.

Sasa tunanakili kuliko wakati wowote. Kidole kimoja, nakala mia. Ubeti wa zamani unaingia simuni usiku wa Ijumaa, mizani imepungua, kipande cha tatu kimekuwa cha pili, mtungaji hayupo, na sahihi pekee iliyobaki ni ile alama ya WhatsApp ya kuonyesha kwamba ujumbe umesambazwa mara nyingi. Ukimwuliza aliyeutuma ni wa nani, atakujibu kwamba kautuma kama alivyoupokea. Kijumwa hakuweza kujibu hivyo. Aliyekuwa akipokea chuo alikuwa akipokea na dhamana yake.

Wala lawama si za vijana wa simu peke yao. Hichens alichapisha Al-Inkishafi London mwaka 1939, Dammann akatoa tendi za Kiamu Hamburg mwaka 1940, na majina yaliyotangulia mbele katika maktaba za dunia ni yao. Jina la Kijumwa lilipanda kuwa kichwa cha kitabu pale Gudrun Miehe na Clarissa Vierke walipochapisha maandishi yake mwaka 2010, miaka 65 baada ya kuzikwa. Walimtendea haki. Lakini kwa nini kitabu hicho kichapwe Cologne, kisichapwe Mombasa?

Sheria nayo ina vituko ambavyo wanahabari wetu wangevifurahia kama wangevitazama. Kenya hulinda maandishi ya fasihi kwa miaka 50 baada ya mwaka aliofariki mtungaji. Kwa hesabu hiyo, aliyoyatunga Kijumwa yako huru tangu 1 Januari 1996. Ujerumani hulinda miaka 70, basi huko ni tangu 2016. Uingereza ina kona yake: maandishi ya marehemu wa zamani ambayo hadi 1989 hayakuwahi kuchapishwa huenda yakalindwa hadi mwisho wa 2039. Ukurasa uliotungwa Lamu na kuandikwa Lamu unaweza basi kuwa huru Mkomani na kufungwa London, uliko. Habari kama hii ni ya ukurasa wa mbele. Magazeti yetu, hata hivyo, hukumbuka hakimiliki pale wanamuziki wanapogombania mirabaha, yakishanyamaza hayo, basi.

Vijana wa Lamu wangali wanachonga milango, na watalii hununua sanduku na viti vya enzi. Khati ya Kiswahili ndiyo iliyokosa warithi. Watoto madrasani husoma Kurani kwa herufi zile zile, lakini lugha yao wenyewe wanaiandika kwa za Kilatini, na babu akiwaachia utenzi hawawezi kuusoma. Kitu hukaa sandukuni, mchwa ndio wasomaji wa kwanza.

Upande wa pili wa mji, Langoni, Msikiti wa Riyadha umeonyesha njia. Miswada yake ilipigwa picha katika mradi wa British Library wa kuokoa kumbukumbu zilizo hatarini, ulioongozwa na Anne Bang wa Bergen, na nakala asili zikabaki Lamu. Jambo hilo linawezekana pia nyumba kwa nyumba, kwa simu zile zile tunazozilaumu. Basi mwenye chuo cha wazee wake, awe Mkomani, Mombasa au Muscat, asipige picha ukurasa mmoja ulio mzuri akaurusha. Apige zote, kwa mpangilio, na ule wa mwisho wenye jina la aliyeandika na tarehe yake usiachwe. Kisha nakala moja aipeleke Makumbusho ya Lamu, iwekwe huko kwa jina hilo.