Kinanda Kisicho na Mwimbaji

Mimi ni mtu wa maneno. Nilifundisha Kiswahili katika shule za msingi za bonde hili la Kilombero kwa miaka zaidi ya thelathini, na muda wote huo niliupima muziki kama nilivyozipima insha za wanafunzi: una ujumbe gani, unafunza nini, maneno yake yamepangwaje. Wimbo uliponipita masikioni bila kuniachia fumbo wala wosia, niliuita kelele. Wala sikuwa peke yangu. Kwetu mtu akiisifu bendi husifu kwanza utunzi, ndipo aje kwenye gitaa.

Kwa hiyo msomaji ataona ajabu kwamba santuri ninayotaka kuizungumza hapa haina mwimbaji. Inaitwa Tche Belew. Ilitolewa Addis Ababa mwaka 1977 na bendi ya Walias, na aliyeiongoza ni mpiga kinanda, Hailu Mergia. Lakini kabla ya kuisema sina budi kueleza jinsi ilivyonifikia, maana isingenifikia bila ugomvi.

Kijana wangu wa tatu hupiga kinanda. Alijifunzia kanisani, kwenye kwaya ya kigango chetu hapa Mngeta, na kwa muda mrefu niliona fahari. Kisha mwaka mmoja, mwezi wa Januari, mpunga ulipokuwa na bei nzuri, aliuza magunia saba yaliyokuwa ghalani bila kuniuliza, akanunua kinanda chake mwenyewe. Mpunga ule ulikuwa karo ya mdogo wake. Nilimwambia maneno ambayo mzazi huyasema mara moja tu maishani. Nilimwuliza kama kinanda kinapikwa. Kibaya zaidi nilimwambia kwamba angekuwa anaimba ningemwelewa, lakini yeye anabonyezabonyeza tu, hata wimbo hana.

Hakunijibu. Siku ya tatu alichukua kinanda chake, akaenda kuishi Ifakara. Asubuhi ya kuondoka aliniamkia kama kawaida, akaniwekea mezani kadi ndogo ya simu.

"Baba," alisema, "humo kuna muziki wa mzee mmoja Mhabeshi. Ukiusikiliza, usiusikilize kama mtu anayengoja mwimbaji aanze."

Kadi ile ilikaa kabatini hadi Mei.

Anayelijua bonde hili anajua kwamba mpunga unapoanza kuiva shamba haliachwi peke yake. Mchana kuna ndege, usiku kuna nguruwe. Mtu hulala dunguni, au tuseme hukesha, kwa sababu akilala sawasawa atavuna mabua. Mwaka ule zamu ya usiku iliniangukia mimi mzee, kwa kuwa aliyekuwa akiikesha ameshakwenda zake Ifakara. Usiku wa pili upweke ulinizidi. Nikaitia kadi kwenye simu, si kwa kupenda, bali kwa kutaka sauti yoyote itakayonizuia kusinzia na kuwaonya nguruwe kwamba mtu yupo.

Kwanza nilifanya kosa lilelile nililoonywa. Gitaa la besi liliingia, ngoma zikafuata, tarumbeta na saksofoni zikatoa mstari mfupi wenye mkazo, nami nikawa nangoja. Nilisema moyoni: haya, sasa ataimba. Hakuimba mtu. Kipande kikaisha, kingine kikaanza, nami nikabaki kama mgeni aliyekaribishwa sebuleni na mwenye nyumba asitokee. Nilipofika kipande kiitwacho Musicawi Silt, kilichotungwa na Girma Beyene, ndipo nilipotambua kwamba mwenye nyumba alikuwapo tangu mwanzo. Mahali ambapo bendi zetu humweka mwimbaji, Hailu Mergia ameweka ogani yake. Inaingia, inasema jambo, inanyamaza ili wengine waitikie, kisha inarudi kulisema jambo lilelile kwa namna nyingine. Inavuta pumzi. Nilikuwa nimeambiwa kwamba hakuna mwimbaji, kumbe yupo, ila hana ulimi.

Huo ndio ufunguo wa santuri nzima, na sababu yake si ngumu kuitafuta. Hailu Mergia, aliyezaliwa mwaka 1946, alianza na kodiani akiwa kijana mdogo, na kodiani ni chombo cha mapafu. Hakitoi sauti kisipovutiwa hewa. Tena muziki wa kwao umejengwa juu ya ngazi za noti tano, na mojawapo huitwa tizita, neno lenye maana ya kumbukumbu na hamu ya kilichopita. Mtu aliyelelewa katika hayo akikalia ogani ya umeme hawezi kuipiga kama mashine. Ataipiga kama koo.

Katika kadi ileile mwanangu alikuwa ameweka santuri nyingine ya mpiga kinanda, ya Mwingereza Rick Wakeman, iitwayo The Six Wives of Henry VIII, iliyotoka mwaka 1973. Hiyo ni ya aina ambayo wenyewe waliiita progresivu roki: muziki wa magitaa uliotaka kuwa na upana wa muziki wa kanisani na wa ikulu. Vipande vyake ni sita, kila kimoja kwa mke mmoja wa mfalme yule. Wakeman ana vinanda vya kila namna, na mikono yake ni ya ajabu. Sijawahi kusikia vidole vya mbio vile. Kipande cha Jane Seymour, alichokipiga kwa ogani ya kanisa, kilinigusa mimi mtu wa kwaya. Lakini kwa jumla niliisikiliza kama mtu anayetembezwa katika jumba la tajiri: hiki chumba, hiki kingine, na hapa kuna ngazi ya kupandia juu. Nilistaajabu, ila sikupata mahali pa kuketi. Wakeman hujaza. Hailu huacha nafasi, na katika nafasi ile msikilizaji huingia na mambo yake mwenyewe.

Ni nini nilichoingia nacho mimi, msomaji anaweza kukisia. Lakini kwanza nataka kuizungumza zama iliyoizaa santuri ile, kwa kuwa bila hiyo mtu anaweza kudhani ni muziki wa starehe tu. Mfalme Haile Selassie alipinduliwa mwaka 1974, wanajeshi wa Derg wakashika nchi. Mwaka 1977 ulikuwa mwaka wa damu mitaani Addis Ababa. Maneno ya nyimbo yalikaguliwa, na usiku kulikuwa na amri ya kutotoka nje. Walias walikuwa bendi ya hoteli ya Hilton. Kwa sababu ya amri ile, wageni walioingia jioni kucheza dansi hawakuweza kurudi makwao hadi alfajiri, na bendi ilipiga usiku kucha.

Nilipoyasoma hayo baadaye niliurudia muziki ule na kuusikia upya. Huu ni muziki wa watu wanaongoja kukuche. Haukimbii, maana hakuna pa kukimbilia. Besi inarudia mzunguko wake kama mlinzi anayezunguka shamba. Na pale ambapo neno lingeweza kumponza aliyelisema, ogani ilisema bila kuacha ushahidi. Sidai kwamba Hailu alikuwa akificha ujumbe wa siasa. Sina haki ya kumsemea. Nasema tu kwamba katika mji ambamo watu walipima kila neno, muziki usio na maneno haukuwa muziki mtupu. Hapo somo langu la miaka thelathini lilitikisika. Nilikuwa nimewafundisha watoto kwamba palipo na ujumbe pana maneno. Sikuwafundisha kwamba kuna nyakati ambapo ujumbe hulazimika kuyaacha maneno nyuma ili ufike.

Wala haikunibidi kwenda Uhabeshi kulijua hilo. Unguja, katika taarabu ya zamani ya vyama kama Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, upo muziki uitwao bashrafu, usio na shairi, ambao hupigwa kabla mwimbaji hajasimama. Huku kwetu Mkoa wa Morogoro tulikuwa na Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz. Sote tunayakumbuka maneno yake, lakini nani aliyewahi kuondoka ukumbini maneno yalipokwisha? Hapo ndipo watu walipoinuka, gitaa lilipobaki peke yake na kuanza kuchemka. Tulikuwa tukiusikiliza muziki usio na maneno siku zote. Tulijisingizia tu kwamba tumekuja kwa ajili ya shairi.

Mhakiki asiyetaja kasoro ni mpambe, nami nitazitaja. Santuri ya Tche Belew mahali pengine inaonyesha mno kwamba bendi hii ilizoea kuwapigia watu wanaokula. Kuna dakika ambazo muziki unateleza vizuri kupita kiasi, hauna ncha, na vipande viwili vitatu ungeweza kuvibadilishana nafasi bila yeyote kujua. Mulatu Astatke, fundi mkubwa wa muziki wa Uhabeshi, yumo humo na vibrafoni yake, ile marimba ya chuma, naye nilitamani apewe uwanja mpana zaidi. Hata hivyo kasoro hizi ni za bendi yenye adabu, na adabu ndiyo iliyoacha zile nafasi nilizozisifu.

Kisa chake cha baadaye kinajulikana sasa kwa wapenzi wa muziki. Mwaka 1981 Walias walikwenda Marekani kupiga, na baadhi yao hawakurudi. Hailu alikuwa mmoja wao. Mwaka 1985, huko Washington, alirekodi peke yake kanda ya nyimbo za zamani za kwao kwa kodiani, piano ya umeme, sinthesaiza na mashine ya ngoma. Kisha akawa dereva wa teksi. Kwa miaka mingi alibeba abiria wa uwanja wa ndege wa Dulles, na katika buti ya gari alikuwa na kinanda. Foleni ilipokuwa ndefu alikitoa, akakaa nacho garini, akafanya mazoezi. Mwaka 2013 Mmarekani mmoja aliyeiokota kanda ile ya 1985 huko Bahir Dar aliitoa upya, na mzee akaitwa tena jukwaani. Mwaka 2018 alitoa santuri mpya, Lala Belu.

Watu hukipenda kisa hiki kwa ajili ya mwisho wake mwema. Mimi kinachonikaa moyoni ni ile buti ya gari. Miaka yote ile hakujua kwamba mtu ataiokota kanda. Hakuwa na wasikilizaji wala malipo, na bado alikitoa kinanda akapiga. Nilijiuliza dunguni: mtu wa namna hiyo angekuwa mwanangu, ningemwambia nini? Ningemwuliza kama kinanda kinapikwa.

Alfajiri moja, treni ya mizigo ya TAZARA ilipopita kuelekea Chita na ukungu ukianza kuinuka chini ya milima ya Udzungwa, nilimpigia simu.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Nimemsikiliza Mhabeshi wako."

Alinyamaza kidogo. "Umemsikiaje?"

Hapo mtu wa maneno alikosa neno. Nilimwambia tu kwamba nilikoma kumngoja mwimbaji usiku ule wa kwanza, kwenye kipande cha Musicawi Silt. Alicheka, na kicheko chake nilikuwa sijakisikia tangu Januari.

Sisemi kwamba alifanya vyema kuuza mpunga. Karo ya binti niliipata kwa kukopa, na deni lile lilinikosesha usingizi kuliko nguruwe. Hilo ameliungama mwenyewe. Amekwisha kunirudishia thamani ya magunia manne kwa fedha za harusi anazopigia huko Ifakara, na matatu yaliyobaki namdai bado. Muziki mzuri haufuti deni, na mzazi anayesema unafuta anamdanganya mtoto.

Lakini kuna deni jingine, na hilo mdaiwa ni mimi. Nilimhukumu kwa kukosa maneno. Alipokuja nyumbani wakati wa mavuno alikitoa kinanda jioni, akakiweka kwenye meza ileile alipoiacha kadi, akapiga kitu chake mwenyewe. Hakikuwa na jina. Mama yake alikuwa akipepeta mchele, na baada ya muda nikaona ungo unakwenda kwa mwendo wa kinanda. Nilikaa kimya mpaka mwisho, wala sikumwuliza wimbo ule unafunza nini.