Salamu kwa Mkuyu: Kwa Nini Tunaandika Matambiko Vibaya

Nianze kwa kukiri, maana mhakiki anayekosoa wenzake huku yake kayaficha uvunguni ni mnafiki. Ninayo riwaya ambayo haijachapishwa. Iko kwenye madaftari matatu ya kaunta, na sura yake ya sita ndiyo niliyokuwa naringia kuliko zote. Ni sura ya tambiko la mvua. Usiku wa manane, mwezi mpevu, ngoma zinalia, mganga kavaa kaniki, ananguruma mbele ya mkuyu, na mhusika mkuu, kijana msomi kama mimi, kijasho chembamba kinamtoka. Nilipowasomea wenzangu kijiweni hapa Korogwe, walipiga makofi. Mmoja akasema, "Bwana wee, hii sinema tupu!" Nikadhani kanisifu.

Nikaipeleka Handeni kwa Bibi, kijiji kimoja upande wa Sindeni. Nilimsomea jioni tukipukuchua mahindi. Alisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, halafu akauliza, "Hapo mjukuu wangu, mnamzika nani?"

Nikamwambia hakuna anayezikwa, ni tambiko. Akanyamaza. Akalimaliza gunzi alilokuwa nalo mkononi, kisha akasema, "Sasa mbona hamkusalimia?"

Ndugu msomaji, makala haya yametokana na swali hilo. Nimesoma vitabu vyetu upya nikiwa nalo kichwani, nimesoma na hadithi za vijana wenzangu tunazopeana tukosoane, na nimeona kwamba kosa langu si langu peke yangu. Tunaandika matambiko kama watu waliochungulia dirishani usiku wakakimbia. Tunaandika woga wetu, halafu tunauita utamaduni.

Kibaya zaidi, mimi nilikwisha kuliona tambiko kwa macho yangu. Vuli ya mwaka 2021 ilipokawia, wazee wa kijiji chetu walikwenda kwenye mkuyu ulioko kando ya korongo, nami nikawafuata. Haukuwa usiku. Ilikuwa asubuhi, jua limeshakuwa kali. Ngoma haikuwepo. Babu mdogo, yaani mdogo wake marehemu babu yangu, alivua viatu, akakohoa kama anayebisha hodi, akausalimia mti na waliolala chini yake. Kisha akawapa habari. Fulani kaoa. Fulani tumemzika. Bei ya unga imefika mahali pabaya. Watoto wamekwenda mjini na hawarudi, "ila huyu mmoja leo kaja". Hapo watu wakanigeukia wakacheka. Ndipo akamwaga maji yaliyochanganywa na unga wa mtama kwenye mizizi, na akaanza kulalamika. Alilalamika kweli, kama mtu anayemdai nduguye: sisi tumewakumbuka, nyie mbona mmekaa kimya? Akachinjwa kuku mweusi, tukala. Sheikh wa kijiji, aliyekuwa amekaa kivulini muda wote, akaomba dua, tukaitikia amina, tukaondoka.

Mvua haikunyesha siku ile. Ilikuja baadaye, ikawanyeshea waliokwenda na wasiokwenda. Simwambii mtu aamini. Ninachouliza ni jambo la uandishi: kama niliyaona hayo yote, kwa nini nilipokaa na kalamu nikaandika mwezi mpevu na mganga anayenguruma? Nani aliyeniandikia sura ile?

Naanza na kitabu tunachokipenda wengi. *Mzimu wa Watu wa Kale* cha Muhammed Said Abdulla, kilichotoka mwaka 1960, ndicho kilichotuletea Bwana Msa na kufungua njia ya riwaya ya upelelezi katika Kiswahili. Maiti ya Bwana Ali inakutwa kwenye mzimu, watu wanaogopa, na Bwana Msa anakuja na kiko chake na akili zake kutuonyesha kwamba muuaji ni binadamu. Kifani, kitabu kimesukwa vizuri sana. Lakini tazama mzimu wenyewe una kazi gani mle: ni pazia. Ni mahali pa kuficha maiti. Anayekwenda pale kwa shida yake halali, mwanawe kaugua au shamba limekauka, hapati nafasi ya kusema. Simlaumu Abdulla, maana alikuwa anaandika upelelezi. Najilaumu mimi na wenzangu, tulioazima pazia lake tukadhani tumeazima nyumba nzima.

Wa pili ni Ebrahim Hussein. *Kinjeketile* (1969) inachukua imani ya maji katika vita vya Maji Maji, vilivyoanza mwaka 1905, na kuuliza swali zito: neno likishatoka kinywani mwa mtu na watu wakalishika, ni la nani tena? Hapo imani haichekwi wala haiogopwi, inafikiriwa. Kwangu mimi hiyo ni hatua kubwa kuliko ya Bwana Msa. Ila nayo ni imani ya siku moja kubwa ya historia, siku ya vita. Mkulima wa Handeni anayemwaga maji kwenye mkuyu hapigani na Mjerumani. Anataka mahindi yake yasikauke tu. Jambo dogo hilo bado halijapata mwandishi wake.

Wa tatu ndiye aliyenishangaza, kwa sababu ni wa kwetu na wengi wetu hatujamfungua. Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy aliandika *Habari za Wakilindi*, kitabu ambacho East African Literature Bureau walikitoa Nairobi mwaka 1962. Mbegha, mwindaji kutoka Kilindi, anaingia Usambaa na kuwakuta watu wanaoteswa na nguruwe wa mwituni wanaomaliza mazao. Anawaua nguruwe, anagawa nyama. Anaua na simba. Mwisho anafanywa mfalme, na ukoo wake unatawala kutoka Vugha. Kilindi hiyo leo ni wilaya, ilimegwa kutoka Handeni mwaka 2002, na milima ya Usambara tunaiona tukisimama hapa Korogwe. Haya, angalia ufalme ule umeanzia wapi. Umeanzia shambani. Mtu alitawazwa kwa sababu chakula kilipona. Abdallah halipigii ngoma jambo hilo. Analisimulia kwa sauti ya mtu anayekaa na watu hao na kuwajua, na ndiyo maana tunamwamini.

Sasa nitatoka kidogo nje ya nchi, nivumilieni, nitarudi. Hapa stendi nilinunua kitabu chakavu cha Kiingereza kuhusu mila za mashambani kwao. Nilikuta habari ambayo sikuitegemea. Huko Somerset, Uingereza, katika kijiji kiitwacho Carhampton, katikati ya baridi yao kali, tarehe 17 Januari, watu hukusanyika kwenye shamba la matufaha, tunda tunalouziwa mjini kwa jina la epo. Wanauzunguka mti mmoja mkongwe. Wanaumwagia mizizi pombe ya matufaha, wanachovya mkate katika pombe hiyo na kuupachika matawini kwa ajili ya ndege, wanauimbia mti uzae sana, halafu wanafyatua bunduki hewani ili mabaya yakimbie. Tarehe yenyewe ni ya ukaidi. Mwaka 1752 serikali yao ilibadili kalenda na kuruka siku 11, lakini watu wa pale wakaendelea kushika siku ya zamani. Ni kama Makunduchi wanavyoshika Mwaka Kogwa wao kila Julai bila kumuuliza mtu.

Mila hiyo inaitwa wassail. Nilipoona maana ya neno hilo niliweka kitabu chini. Asili yake ni salamu ya kale sana, na maana yake ni "uwe mzima".

Salamu! Yaani mtu wa Somerset na Babu mdogo wa Handeni, ambao hawatakutana milele, wanafanya jambo moja: wanausalimia mti kabla ya kuuomba. Bibi yangu, ambaye hajui Somerset iko upande gani, aliligusa kwa swali moja jambo ambalo mimi na cheti changu cha kidato cha nne nililipita.

Kuna tofauti lakini, na hapa ndipo panaponiuma. Wao hawaoni haya. Mshairi wao Robert Herrick aliitia mila hiyo katika kitabu chake *Hesperides* mwaka 1648, na mpaka leo huwezi kumsoma ukadhani anaandika habari za wachawi. Watu wanakunywa, wanacheka, miti inapewa haki yake. Sisi jambo hilo hilo tukiliandika tunazima taa kwanza. Katika hadithi nne za vijana wenzangu nilizosoma mwaka huu zenye tambiko ndani, zote nne zinatokea usiku. Tatu zina fuvu. Hakuna hata moja ambamo mtu anacheka.

Najua atatokea wa kunijibu: wewe unataka tuyapambe matambiko, tuyafanye picnic. Hapana. Yapo ya kuogopesha, ila si yale tunayoyaandika. Mwanahistoria Steven Feierman, katika kitabu chake cha mwaka 1990 kuhusu wakulima wa Usambara, anaeleza maneno mawili ya Kisambaa: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, kuidhuru. Anayeaminiwa kuleta mvua huaminiwa pia kuweza kuizuia. Jua likizidi, watu huanza kuulizana ni nani. Hapo pana hofu ya kweli, na haihitaji fuvu. Ni hofu ya jirani kumtazama jirani, ya mzee kuogopa wajukuu zake mwenyewe, ya mtawala kujua kwamba mawingu yakikataa ataulizwa yeye. Mwandishi anayetafuta mgogoro amepewa hapo mgogoro wa riwaya tatu, naye anakimbilia mifupa!

Tena kuna mgogoro mwingine wa leo leo. Wazigua wana misitu yao ya asili iliyolindwa kwa miiko tangu enzi. Mtafiti kutoka Finland, Jussi Ylhäisi, aliiandikia kazi nzima mwaka 2006. Msitu wa namna hiyo haulindwi na bunduki, unalindwa na watu wanaoona aibu kuukata. Siku mkaa ukiwa na bei nzuri na kijana akawa hana ada ya mtoto, aibu hiyo inapimwa. Ukisimama barabara ya Segera kwenda Chalinze utaona magunia ya mkaa yamepangwa kando ya njia yakisubiri wateja. Kijana aliyechoma mkaa ule, je, aliusalimia mti kwanza? Au aliukwepa macho kama mtu anayemdhulumu shangazi yake? Hilo ndilo swali la riwaya. Sikulipata kwenye sinema, nililipata kwa Bibi.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa waandishi wenzangu ni mfupi. Kabla ya kuandika tambiko, jiulize: waliokuja wanamwita yule wanayemwomba kwa jina gani la udugu? Wanampa habari gani? Wanamlaumu kwa lipi? Nani kakatazwa kusogea, na anajisikiaje? Wamekula nini baadaye, na nani kaosha vyombo? Ukishindwa kujibu, nenda kwa wazee ukaulize, nauli si kubwa. Tukiendelea kuandika mbele ya mti tuliojitungia, wajukuu zetu watasoma vitabu vyetu na kuamini kwamba mababu zao walikuwa watu wa kutetemeka tu usiku.

Sura yangu ya sita nimeichana. Inaanza upya saa nne asubuhi, kwa mzee anayevua viatu na kukohoa. Ngoma nimeitoa, na mganga naye nimemtoa, ingawa roho iliniuma, maana kaniki yake nilikuwa nimeieleza vizuri. Imekuwa fupi kwa nusu na pale kijiweni hawakuipigia makofi. Yule wa sinema aliuliza kama kitu kitatokea baadaye. Nikamwambia kimeshatokea, hakusikia.

Bibi bado hajaisikia. Mwisho wa mwezi nitapanda basi la Handeni na kilo mbili za sukari nimsomee. Akiniuliza tena mnamzika nani, nitawaandikia humu humu.