Koti Si Alama: Namna ya Kumchora Mfanyakazi Mwenzako

Mwezi wa saba, mchoraji wa Njombe ana tabu ambayo mwenzake wa Dar es Salaam haijui. Mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, asubuhi baridi hushuka chini ya nyuzi 10, na watu wamejifunika: koti zito, skafu, kofia ya sufu iliyovutwa mpaka kwenye nyusi. Masikio hayaonekani. Shingo haipo. Kidevu kimezama ndani ya kola. Sasa mwambie amchore mfanyakazi mwenzake kwa utani, na ofisi nzima imtaje mtu huyo kwa jina kabla kalamu haijaondoka kwenye karatasi. Aanzie wapi?

Jibu liko kwenye michoro ambayo wachoraji wa studio za katuni wamekuwa wakichorana wao kwa wao, pembeni ya kazi rasmi, juu ya karatasi zilizokuwa zitupwe. Mchezo huu ni wa zamani. Inasimuliwa kwamba katika karakana ya akina Carracci mjini Bologna, Italia, mwishoni mwa karne ya 16, Annibale Carracci na wenzake walipumzika kutoka kwenye picha kubwa za makanisani kwa kuchora watu huku wakikuza kasoro zao. Kwa simulizi hiyo, sanaa ya vikaragosi ilianza kama burudani ya watu wa kazi moja.

Kazi ninayopenda kuichambua ni Wackiki Wabbit, filamu fupi ya Warner Bros. ya mwaka 1943 iliyoongozwa na Chuck Jones. Wanaume wawili wenye njaa wako juu ya chelezo katikati ya bahari, wanafika kisiwani, wanataka kumla sungura Bugs Bunny. Mmoja mrefu mwembamba, mwingine mfupi mnene. Hao ni Tedd Pierce na Michael Maltese, waandishi wa hadithi wa studio hiyohiyo, na sauti zinazosikika ni zao wenyewe. Tazama kilichofanyika. Mchoraji hakuhangaika kwanza na pua wala macho. Amewaweka wawili hao bega kwa bega, urefu wa mmoja ukautangaza ufupi wa mwingine. Ukiyajaza maumbo yao wino mweusi mpaka yabaki vivuli tu, bado utajua yupi ni yupi. Miaka miwili kabla, Disney walikuwa wamefanya jambo la aina hiyo kwenye The Nifty Nineties: Fred Moore na Ward Kimball, wachoraji wa humo ndani, wakajiingiza kama wachekeshaji wawili wa jukwaani, kwa majina yao na sauti zao.

Umbo lilitangulia kwa sababu ya kazi yenyewe. Sekunde moja ya filamu ina fremu 24, na kwa kawaida mchoro mmoja hukaa fremu mbili, maana yake michoro 12 kwa kila sekunde. Mkono uliozoea hesabu hiyo hauweki makunyanzi wala vivuli vya penseli, kwa kuwa kila mstari wa ziada utarudiwa mara 12 kabla hujapepesa jicho. Ukienda mapumziko ya chai ukamchora jirani yako, mkono ni uleule. Unatoa mistari michache inayobeba mwili mzima.

Ila mistari michache ipi? Mwaka 1982, Susan Brennan wa chuo cha MIT nchini Marekani alitengeneza programu ya kompyuta iliyolinganisha mistari ya uso wa mtu na ya uso wa wastani, kisha ikakuza zile tofauti. Baadaye, mwaka 1987, yeye na Gillian Rhodes na Susan Carey wakaonyesha kwamba watu walizitambua sura za wanaowafahamu haraka zaidi zilipokuzwa hivyo kuliko zilipochorwa kwa mistari sahihi. Ukitaka kuelewa michoro ya maofisini, kaa hapo kwenye wastani. Kipimo ni umbali wa mtu na wenzake waliomzunguka.

Ndipo tunarudi kwenye koti. Katika ofisi ya Njombe ambako kila mtu ana koti, koti ni wastani, wala haliwezi kuwa alama ya mtu. Kijana anayelichora kwa ufundi, vifungo na mifuko yote, amepoteza wino. Alama ni yule mmoja anayekuja na shati la mikono mifupi, au yule ambaye kofia yake haijawahi kukaa sawa. Na wastani huo wanaujua walioshinda pamoja miezi na miezi. Mgeni hana. Naamini hiyo ndiyo sababu michoro ya wenzi wa kazi huwashinda hata wataalamu wanaomchora mtu kwa mara ya kwanza.

Makambako inanipa ushahidi wa upande wa pili. Mji huu ni njia panda: barabara kuu ya kwenda Zambia inapita, ya Njombe na Songea inaanzia hapo, na treni ya TAZARA ina stesheni yake. Watu wanashuka, wanakula, wanapanda, wanakwenda. Ukikaa stendi na daftari hupati wastani wa chumba, unapata wapita njia, na mkono utakupeleka kwenye aina za watu: kondakta, muuza viazi, abiria aliyelemewa na mizigo. Ni njia halali kabisa. Chakubanga, mhusika wa katuni za Christian Gregory kwenye gazeti la Uhuru, alikuwa mtu wa aina hiyo, na wasomaji walimpenda kwa sababu kila mtaa ulikuwa na wake. Lakini ni ufundi mwingine, na anayeuchanganya na ule wa kumchora mwenzake atatoa kondakta yeyote badala ya kondakta fulani.

Sasa tuujaribu ufundi wa kumchora mwenzako. Tuchukue banda la wachora mabango, fundi yuko mbele ya plaiwudi, brashi mkononi. Kwanza kunja macho mpaka umwone kama gunia la viazi lililosimama. Tafuta mstari mmoja kutoka nyonga hadi utosini: analalia wapi? Mguu upi umebeba uzito? Mstari huo ukikosea, uso mzuri hautakuokoa. Kisha njoo kwenye dirisha dogo lililobaki kati ya kofia na kola, macho na pua tu, uweke humo ukuzaji wako wote. Halafu mikono. Wako wanaoshika brashi kwa ncha za vidole na wako wanaoikamata kama nyundo, na wenzao wanajua. Chora upya, ondoa mistari. Chora tena, ondoa zaidi. Jina likishindwa kutajwa, rudisha mstari wa mwisho ulioutoa.

Mwisho mgeuze, mchore kwa nyuma. Kipindi cha televisheni cha XYZ Show, kilichoanza mwaka 2009 nchini Kenya kwa mikono ya mchora katuni Gado, mzaliwa wa Dar es Salaam, kilitumia wanasesere wa mpira, na mwanasesere hana upande wa kuficha. Mchoro unaosimama kwa mbele tu haujakamilika.

Kuna mpaka, na utani wetu umeuweka zamani. Mngoni na Mhehe husemana mpaka msibani, kwa sharti kwamba anayesema naye atasemwa. Anayechora achorwe, bosi akiwemo. Chora tabia: kuchelewa, kusinzia baada ya ugali, mabega yanayopanda simu ikiita. Acha ugonjwa, kovu na ulemavu. Zaidi ya adabu, pana sababu ya ufundi: kovu likikuzwa hummeza mwenyewe, na wanaotazama wanaona kovu, hawamwoni mtu.

Tanzania sasa ina studio zake. Ubongo Kids, inayotengenezwa Dar es Salaam, ilianza kurushwa TBC1 mwaka 2014, na watoto waliokua nayo sasa wameanza kushika kalamu zao. Ombi langu kwa walio studio na walio kwenye mabanda ya mabango ni dogo: karatasi za michoro mnayochorana msizitupe pamoja na taka za jioni. Andikeni nyuma nani amechora, amemchora nani, na tarehe, kisha ziwekeni kwenye faili moja ofisini.